Mchumba wangu hajui kuwa nina tundu kinywani

Shikamoo Shangazi,

Nina umri wa miaka 36, kazi yangu ni ualimu. Naomba usitaje jina langu wala shule, maana wanafunzi wangu wakubwa wanaisoma safu hii, na mchumba wangu ndiye aliyenizoesha kuisoma. Akiiona barua hii huenda akanitambua. Akinitambua, labda nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Miaka mitano iliyopita niliota kinundu kwenye kaakaa, upande wa kushoto. Hakikuuma. Nilikipapasa kwa ulimi karibu mwaka mzima nikidhani ni jino linaota vibaya. Kilipopimwa ikaonekana ni saratani ya tezi ndogo za mate. Walikata nusu ya kaakaa pamoja na kipande cha taya la juu na meno sita, kisha nikapigwa mionzi kwa wiki sita. Nilipozinduka baada ya upasuaji nilikuta nimeshafungiwa bamba la plastiki juu ya jeraha. Likawa linarekebishwa kila baada ya muda kadiri kidonda kilivyopona, mpaka nikapewa hiki ninachotumia hadi leo: bamba la rangi ya ufizi lenye meno sita, na juu yake kichwa cha mviringo, kama ngumi ya mtoto mchanga, kinachoingia ndani ya tundu. Hospitalini wanakiita obtureta. Mimi na mama tunakiita kizibo.

Nikikivaa, mimi ni mtu kama watu. Nafundisha vipindi vitano kwa siku na mwanafunzi wa dawati la mwisho ananisikia. Nikikivua, kinywa na pua ni chumba kimoja. Maneno yote yanapitia puani, p na b na s hazisikiki, maji nikiyanywa yanatokea juu. Mama ananielewa kwa sababu ni mama. Mtoto wa kaka yangu aliwahi kukikuta kwenye kikombe asubuhi, akaja mbio: "Baba mdogo, meno yako yamelala bafuni!" Tulicheka mpaka machozi. Sikumbuki kama nimecheka tena kuhusu jambo hili.

Nilipougua nilikuwa na mchumba mwingine. Alikuja hospitalini mara tatu. Hiyo ya tatu alinikuta nimetolewa bamba ili jeraha lisafishwe. Akasimama mlangoni, akageuka. Simlaumu, lakini ule mgongo wake bado nauona.

Huyu wa sasa nimekuwa naye mwaka mmoja na nusu. Ni mchangamfu, mwerevu, na tukianza kuongea kwa simu saa zinapita. Anachojua ni kwamba niliwahi kufanyiwa "upasuaji wa pua". Ndivyo nilivyomwambia. Miezi minane iliyopita tulikuwa tumekaa tunakunywa juisi, nikapiga chafya, kizibo kikacheza, juisi ikanitoka puani. Nikasema nina mafua. Tangu siku hiyo kila kinapovuja nina mafua, na siku hizi kinavuja mara kwa mara. Ameninunulia dawa ya matone ya pua, sasa ni chupa ya nne. Namwambia inanisaidia.

Hatujawahi kulala chini ya paa moja. Busu langu ni la harakaharaka. Tukila, natafuna upande mmoja nikishushia na maji kidogo kidogo, kisha naenda msalani kukisuuza. Anadhani nina tumbo baya. Kwa hiyo kwake mimi ni mtu wa mafua na tumbo, na bado ananipenda.

Harusi tumeipanga baada ya miezi saba. Mara ya mwisho nilipokwenda kliniki, yapata mwaka sasa, daktari aliniambia kuwa kwa hali yangu inawezekana kuliziba tundu kwa upasuaji, kwa kuchukua mfupa mwembamba wa mguuni pamoja na mishipa yake ya damu na kuutumia kujenga taya. Alisema hakuna haraka, nikafikiri, na kwamba wapo wanaoridhika na kizibo maisha yao yote. Tangu hapo sijarudi. Nimekosa tarehe mbili kwa sababu sikujua nimwambie mchumba wangu naenda wapi.

Wazo langu ni hili. Nichukue likizo, nimwambie nimepata mafunzo ya kikazi ya miezi miwili huko mbali, nifanyiwe upasuaji, nirudi bila tundu. Pasipo na tundu hapana cha kueleza. Mama ananiunga mkono. Husema ya kinywani ni ya mwenye kinywa. Kaka yangu anasema huo ni wizi, kwamba mtu haolewi kwa nusu ya habari.

Je, nitengenezwe kwanza halafu ninyamaze? Nimwambie sasa nikubali litakalokuwa? Au tuoane kwanza, ajue polepole akiwa ameshanizoea? Tafadhali usinijibu kwa huruma.

Mwenye Kizibo


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu.

Umeniomba nisikujibu kwa huruma. Nitajitahidi, ingawa pale kwenye mgongo mlangoni nilisoma mara mbili.

Nianze na kuungama. Barua yako nimekaa nayo wiki tatu, na kabla ya kuichapisha nimebadilisha mambo mawili matatu ili mchumba wako asikutambue. Ulidokeza kwamba akikutambua nusu ya kazi itakuwa imekwisha. Mimi naogopa itakuwa imeharibika. Kama kuna habari ya kumpa, haifai aipate siku moja na watu wote wasiomjua. Nikuulize tu bila lawama: hivi uliniandikia ili nikushauri, au ulitaka nimwambie kwa niaba yako? Yote mawili yanaeleweka.

Kabla ya safu hii nilikaa miaka mingi katika kliniki ya viungo bandia vya uso na kinywa. Sikuwa daktari wala fundi. Kazi yangu ilikuwa kuzungumza na watu wakisubiri zamu zao. Nimeona mtu akivaa pua ya silikoni kwa mara ya kwanza na kukataa kuondoka mbele ya kioo. Nimeona sikio linaloshikwa kwa sumaku, na jicho ambalo fundi aliketi kulipandikiza kope unywele baada ya unywele. Watu hao wana taabu yao, lakini moja hawana: hawahitaji kuamua kama waseme. Jicho la silikoni halipepesi, na aliye karibu huligundua. Uso umeshasema kabla ya mwenyewe. Wewe kifaa chako ni cha ndani na kimetengenezwa vizuri, kikakupa hiari ambayo wenzako hawakupewa. Sasa hiari hiyo ndiyo inayokukosesha usingizi.

Nikikuelewa sawasawa, unaniuliza maswali mawili ambayo umeyafunga pamoja kwa kamba moja. La kwanza ni la tiba: ubaki na kizibo au ujengewe taya? La pili ni la nyumba: mchumba wako ajue nini, na lini? Kwako jibu la la kwanza linalifuta la pili. Tundu likiondoka, siri imeondoka. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Nimeisoma barua yako nikihesabu. Tundu na kizibo vimejaa kote. Saratani umeitaja mara moja, katikati ya sentensi, ukapita. Mwanangu, tundu ni alama tu ya lililotokea. Baadhi ya saratani za tezi ndogo za mate hukua taratibu sana, na zinaweza kunyamaza miaka mingi, hata kumi na zaidi, kisha zikarudi, palepale au kwenye mapafu. Sisemi yako itarudi. Sijui ni ya aina gani, na huenda umeshapona kabisa. Nasema tu kwamba hiyo ndiyo sababu madaktari huendelea kukuita hata ukijisikia mzima. Ukiziba tundu kesho, tarehe za kliniki zitabaki palepale. Kwa hiyo kitu unachofikiri kitaondoka na tundu, nadhani hakitaondoka.

Hapa nitakuwa mkali kidogo, mara hii moja tu: rudi kliniki. Iwe umemwambia au hujamwambia, utaoa au hutaoa. Umeandika kwamba kwa miezi minane kizibo kinavuja, ukaliweka kwenye habari za mafua kana kwamba ni mkasa wa kuchekesha. Kizibo kilichokuwa kinakaa vizuri kikianza kuvuja, mara nyingi sababu ni ndogo. Nyama za ndani hubadilika umbo, hasa baada ya mionzi. Kikonyo kinachokishika kwenye jino huweza kulegea, au jino lenyewe likawa limeanza kuoza kwa kuwa mionzi hukausha mate. Fundi hukijaza pale palipopungua, kikarudi kukaa. Lakini safari chache badiliko hilo ni dalili ya kwanza kwamba kuna kitu kinaota ndani, na anayeweza kutofautisha ni yule mwenye taa na kioo mkononi. Na jino lisiguswe na mtu asiyejua kuwa taya hilo lilipigwa mionzi, maana mfupa wa namna hiyo ukijeruhiwa huweza kukataa kupona. Siri hii bado hujaamua kama ni sawa au si sawa, na tayari imeshakunyima ziara mbili.

Sasa upasuaji. Nisingependa uuogope bure, na nisingependa uukimbilie.

Anachokisema daktari wako ni kazi ya kweli na imewasaidia wengi. Huchukuliwa ule mfupa mwembamba ulio ubavuni mwa muundi, ukakatwa na kupangwa ufuate umbo la taya, na mishipa yake ikaunganishwa na ya shingoni chini ya darubini. Ukishika, unakuwa na ukuta wa nyama yako mwenyewe kati ya kinywa na pua. Hakuna cha kuvua usiku. Nimewajua watu waliolia kwa furaha siku walipokunywa maji wakiwa wameinama.

Lakini nikitazama mpango wako wa "mafunzo ya kikazi", naona mtu anayetaka kwenda vitani kwa kujificha. Upasuaji huo huchukua saa nyingi, mara nyingi siku nzima. Baada yake kuna siku za kulishwa kwa mrija, wengine hutobolewa koo kwa muda ili wapumue, uso huvimba, mguu huuma na kutembea hurudi taratibu. Mara chache mishipa huziba na kipande hakishiki, ikabidi kurudi mezani. Kwa aliyepigwa mionzi kazi ya kupata mishipa mizuri shingoni huwa ngumu zaidi. Kisha meno hayaji pamoja na mfupa. Yatahitaji vipandikizi vya titani vikitwe ndani yake, na hiyo ni miezi mingine, au utavaa meno bandia juu yake. Yaani kwa miezi saba uliyobakiza, inawezekana kabisa siku ya harusi ukawa na taya jipya lisilo na meno, kovu refu mguuni na sauti ambayo bado inajipanga. Mtu hatoki kwenye mafunzo ya kikazi na hali hiyo. Utalazimika kutunga uongo mwingine wa mguu, juu ya ule wa pua na ule wa tumbo.

Na jambo lingine ambalo sijui kama uliambiwa. Kizibo kina faida moja isiyopendeza kuitaja: kikivuliwa, daktari anaona moja kwa moja mahali pale palipokatwa. Ukifunikwa kwa nyama, mambo yakianza upya nyuma ya ukuta hayaonekani kwa macho, hutegemewa picha za mashine. Wapo madaktari wanaoliona hilo kuwa jambo dogo siku hizi, wapo wasioliona dogo. Muulize wako analionaje kwako.

Umeyaweka mambo kama vile ni kizibo hiki hiki au mfupa wa mguu. Kati yake pana nafasi. Kizibo cha miaka mitano kinaweza kutengenezwa upya kabisa. Kichwa chake kinaweza kufanywa kitupu ndani kama puto ili kiwe chepesi na kisivute meno. Kwa wengine hukitwa vipandikizi, hata virefu vinavyoshika kwenye mfupa wa shavu, kizibo kikafungwa juu yake kisicheze mtu akipiga chafya. Mfupa uliopigwa mionzi hauvishiki kwa uhakika kama mwingine, kwa hiyo si njia ya kila mtu. Uliza. Kifaa chako kina ukoo mrefu, usikidharau. Katika karne ya 16 mpasuaji wa Ufaransa, Ambroise Paré, alieleza bamba la dhahabu au fedha lenye kipande cha sifongo juu yake. Sifongo ilivimba kwa unyevu wa pua na kulishikilia bamba. Fikiria harufu yake baada ya wiki, kisha ukishukuru hicho chako cha plastiki.

Swali ambalo lingenisaidia kukuelewa ni hili: kama mchumba wako angekuwa anajua kila kitu na hajali, je, ungeutaka upasuaji? Jibu ukiwa peke yako, kizibo kikiwa kwenye kikombe. Ikiwa ni ndiyo, basi unautaka kwa ajili yako, na una haki ya kuufuata kwa nafasi yako, kabla ya harusi au miaka mitatu baadaye. Ikiwa ni hapana, unataka kukatwa mguu ili kukwepa mazungumzo ya nusu saa. Najua maneno haya ni magumu. Uliomba.

Njia ya kuoana kwanza ajue polepole sijaiacha kwa kuidharau. Tatizo lake ni kwamba haina polepole ndani yake. Kizibo kinataka kuvuliwa na kusafishwa, tundu nalo linataka kuoshwa, la sivyo kamasi hukauka kuwa magamba na harufu ikatoka. Nimewaona waliolala nacho mwaka baada ya mwaka ili mwenzao asijue. Walikuja na vidonda na fangasi nyeupe kinywani. Mmoja alikuwa akiamka saa tisa usiku kila siku kwenda kukisafisha gizani. Ndoa yake ilikuwa na miaka sita. Nilipomuuliza kama mke wake hajui, alifikiri sana, kisha akasema, "Nadhani anajua, ila hatujaambiana." Sijawahi kuamua kama ile ilikuwa ndoa ya huzuni au ya upole mkubwa.

Hilo linanileta kwa huyu mchumba wako ambaye kwenye barua yako anatokea kama mtu asiye na macho. Mwaka mmoja na nusu. Anaongea nawe saa nzima kwa simu, anaisikia sauti yako ikibadilika kizibo kinapolegea. Anakuona unatafuna upande mmoja, na chupa nne za matone ameshanunua. Siri ya mtungi aijuaye kata, ndiyo, lakini aliyekaa karibu na mtungi naye huona sakafu imelowa. Huenda hajui kitu. Huenda pia anajua kuna kitu, na anangoja umkaribishe. Ukimfikiria kama mtu wa pili, utaiandaa siku ile tofauti.

Mama yako anasema ya kinywani ni ya mwenye kinywa. Ana hoja. Mwili wako ni wako, na huna deni la kumweleza kila mtu. Walimu wenzako hawana haki ya kujua. Lakini nadhani mama pia alikuwepo siku ile mlangoni, na amekuwa akisimama mlangoni kwa niaba yako tangu hapo. Kaka yako naye anasema wizi. Neno hilo ni zito kuliko jambo lenyewe. Wewe hukuiba, uliogopa. Ila kuna kiini katika neno lake: anayeolewa na mtu mwenye kliniki za kila mwaka na hatari hata ndogo ya ugonjwa kurudi, anaamua jambo kubwa, na anaamua akiwa hana kipande.

Najua methali watakayokutupia wenye haraka: mficha maradhi, kilio kitamuumbua. Sijawahi kuipenda. Inamtisha mgonjwa kana kwamba aliyeficha amefanya hivyo kwa kiburi. Nikikumbuka jambo hili humkumbuka Sigmund Freud, yule daktari wa Vienna ambaye riziki yake ilikuwa kusikiliza siri za watu. Mwaka 1923 alikatwa sehemu ya taya na kaakaa kwa saratani, akavaa kifaa kikubwa cha kutenga kinywa na pua. Kilimuumiza na kumharibia matamshi hata nyumbani wakakiita zimwi. Aliishi nacho miaka 16, akipasuliwa zaidi ya mara 30, huku akiendelea kupokea wagonjwa na binti yake Anna akimuuguza, mpaka alipofariki London mwaka 1939. Lakini kinachonihusu kwako ni cha mwanzo kabisa. Daktari wake wa wakati ule, Felix Deutsch, alimficha kuwa ni saratani, kwa nia njema. Freud alipojua alikasirika sana, na kilichomkera hasa ni kuona mtu mwingine amejipa haki ya kumwamulia anachoweza kustahimili. Sikulinganishi na Deutsch. Nakuachia tu hasira ile uitazame kutoka upande wa mchumba wako.

Ukiamua kusema, hatari zipo na sitazipamba. Anaweza kuondoka. Anaweza asiondoke, ila akaumia kwa yale mafua kuliko kwa tundu, maana tundu hukulichagua. Anaweza kuwaambia nduguze kabla hujajiandaa, kwa hiyo una haki ya kumwomba mapema ibaki kwenu kwanza. Na kuna hatari ambayo watu hawaitaji: anaweza kugeuka muuguzi wako kuanzia siku hiyo, akakuuliza kila asubuhi kama umekisafisha, ukatamani yale maisha ya mafua. Yule wa kwanza aligeuka akikuona umefungwa mirija, jeraha bichi, wote wawili mkiwa hamjui kama utaishi. Huyu atakutana na mwalimu aliyepona jeraha lake, anayechagua kusema. Haimaanishi atabaki. Inamaanisha tu kwamba hatakuwa anajibu swali lile lile.

Waliofanya hivi na kunisimulia, wengi walianza na maneno wakiwa wamekivaa, ili sauti isiwaangushe. Kukivua kulikuja siku nyingine, na aliyeomba kuona ndiye aliyeonyeshwa. Wengine walianza na sauti: walikivua wakiwa wamezima taa, wakasema sentensi moja. Dada mmoja alimpeleka mwenzake kliniki, fundi akamwekea kifaa mkononi, na woga wote ukageuka udadisi wa jinsi kinavyotengenezwa kwa nta na kalibu. Kwa kuwa unarudi kliniki hata hivyo, sivyo? Na akiuliza kama huambukiza, au kama watoto watarithi, usijibu kwa kukisia. Busu haliambukizi saratani, hilo lina uhakika. Mengine mpe daktari ayajibu mkiwa wawili.

Ukiamua kutosema kwa sasa, sitakufungia mlango. Niandikie tena. Ila hata katika kunyamaza, awepo angalau mtu mmoja karibu nawe, zaidi ya mama, anayejua unavaa kifaa hicho. Ukipata ajali ukafikishwa hospitalini huna fahamu, anayekuwekea mrija wa kupumua anahitaji kujua kwamba kaakaa lako hutoka. Kaka yako anafaa, pamoja na maneno yake.

Na zile chupa za matone. Kama umekuwa ukizitumia kweli ili kumridhisha, acha kwanza mpaka umuulize daktari. Nyingi za dawa hizo zikitumika mfululizo kupita siku chache huzidisha kuziba kwa pua zenyewe, na wewe pua yako ina kazi ya ziada. Lakini usizitupe. Kila nikifikiria utaanzaje kumwambia, siku utakayotaka, sioni mwanzo mwepesi kuliko kuiweka moja mezani katikati yenu, ile ya nne, ikiwa bado imejaa.

Shangazi